Kipuri cha bunduki ni bunduki: Sheria isemavyo kuhusu kuagiza vipuri kutoka ng'ambo

KWA Mkenya wa leo, kuagiza kipuri kutoka ng'ambo si jambo la ajabu. Mwenye gari huletewa taa kutoka Japani, mkulima huagiza pampu kutoka India, naye fundi wa simu hupokea vioo kutoka Uchina. Kinachotakiwa ni pesa, anwani na subira kidogo.

Hata hivyo, kuna aina moja ya vipuri isiyofuata desturi hiyo hata chembe. Hivi ni vipuri vya bunduki.

Mtu anayeagiza mtutu mpya wa bunduki yake ya kuwindia anaweza kujiona kuwa sawa na yule anayeagiza ekzosi ya gari. Sheria haimtazami hivyo. Mbele ya sheria za Kenya, mtu huyo anaingiza bunduki nchini, na iwapo hana kibali, atashtakiwa kama aliyeingiza silaha nzima.

Ni jambo ambalo hata wamiliki halali wa bunduki hulisahau. Mfugaji wa Laikipia mwenye bunduki ya kukinga mifugo wake, au mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, huenda akadhani kwamba cheti alichopewa kinatosha kumruhusu kununua chochote kinachohusiana na silaha hiyo. Sivyo.

Aidha, jamaa walio Marekani na Ulaya huombwa kutuma vipuri hivyo bila kujua wanamtia mwenzao hatarini. Kule waliko, huenda kipuri hicho huuzwa dukani bila swali lolote. Kikishatua Nairobi au Mombasa, huwa ni kitu kingine kabisa.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Bunduki nchini, ambayo ni Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ilitungwa mwaka wa 1953 wakati wa ukoloni. Imefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo, lakini maana ya neno 'bunduki' ndani yake ingali imebeba sura ya sheria za Uingereza za enzi hizo.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, bunduki ni silaha yoyote yenye mtutu, inayoweza kuua na ambayo inaweza kufyatua risasi, au inayoweza kurekebishwa ili ifyatue. Lakini maana hiyo haikomei hapo.

Sheria inaendelea kutaja mtutu wenyewe, komeo, chemba ya risasi na sehemu nyingine yoyote ya lazima ya silaha hiyo. Vyote hivi, hata kikiwa kimoja peke yake ndani ya boksi, ni bunduki kisheria.

Isitoshe, sheria imejumuisha kifaa chochote kilichotengenezwa ili kupunguza mlio au mwako wa risasi inapofyatuliwa. Kwa hivyo, kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kuficha mwako, ambacho wengi hukiona kama pambo tu, nacho kimo ndani ya maana ya bunduki.

Kwa msomaji asiyezijua silaha, ni vyema kueleza maneno haya. Mtutu ni ule mrija wa chuma ambao risasi hupitia ikitoka. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mrija huo ambapo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Komeo ni kipande cha chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba na kuifungia hapo, mfano wa komeo la mlango, ili nguvu ya mlipuko isirudi nyuma na kumdhuru mpigaji.

Kuna pia kiwiliwili cha bunduki, yaani lile umbo la chuma la katikati ambalo sehemu nyingine zote hushikizwa. Mara nyingi ndipo nambari ya usajili huchongwa.

Sheria yetu haikutaja kiwiliwili kwa jina, lakini maneno 'sehemu nyingine yoyote ya lazima' ni mapana. Ni vigumu kuona wakili atakavyoishawishi korti kwamba bunduki inaweza kufanya kazi bila kiwiliwili.

Kwa maneno mengine, anayevunja bunduki vipande vitano na kuvituma katika vifurushi vitano hajaikwepa sheria. Kinyume chake, huenda amejiongezea idadi ya mashtaka.

KWA NINI VIPURI VIBANWE?

Huenda msomaji akauliza: je, kipande cha chuma kisichoweza kufyatua chochote kina hatari gani?

Jibu liko katika umri wa silaha. Bunduki hudumu miaka mingi mno. Bunduki aina ya AK-47 ilibuniwa nchini Muungano wa Kisovieti miaka ya 1940, na zile zilizotengenezwa miongo mingi iliyopita bado zinatumika katika maeneo mengi ya upembe wa Afrika.

Kinachoizeesha bunduki si umri wake bali ni uchakavu wa sehemu chache. Mtutu huliwa na joto na msuguano wa risasi hadi ukapoteza shabaha. Springi hulegea. Pini inayogonga risasi huvunjika ncha. Kijino kinachotoa ganda la risasi iliyokwisha kutumika hukatika. Kitako cha mbao hupasuka kwa jua na mvua.

Ukizibadilisha sehemu hizo, bunduki iliyokuwa imekufa hufufuka. Ndiyo sababu wataalamu wa usalama husema kwamba anayedhibiti vipuri na risasi huwa amedhibiti bunduki zenyewe, hata zile ambazo serikali haijazikamata.

Katika kaunti za kaskazini, ambako wizi wa mifugo umegeuka kuwa vita vya bunduki, suala hili si la vitabuni. Serikali imeendesha shughuli nyingi za kupokonya raia silaha haramu, na mwaka wa 2016 iliteketeza zaidi ya bunduki 5,000 kwa moto huko Ngong.

Kuteketeza kote kote kuna maana yake. Bunduki ikikatwa vipande viwili tu na kutupwa, mtutu na komeo lake bado vinaweza kuokolewa na kutiwa katika silaha nyingine. Moto haubakishi kipuri.

Sababu ya pili ni nambari. Bunduki halali hufuatiliwa kupitia nambari yake ya usajili. Mtu akiweza kukusanya vipuri visivyo na nambari kutoka huku na kule, ataunda silaha isiyo na asili wala mwenyewe. Polisi wakiiokota mahali pa mauaji, hawatakuwa na pa kuanzia.

FORODHA NA SURA YA 93

Kipuri kinapofika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, bandari ya Mombasa au ofisi ya posta, anayekutana nacho kwanza si polisi bali ni afisa wa forodha wa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA.

Afisa huyu hutumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2004, ambayo inatumika katika mataifa wanachama. Jedwali la Pili la sheria hiyo limeorodhesha bidhaa zilizopigwa marufuku na zile ambazo uingizaji wake una masharti.

Miongoni mwa bidhaa zenye masharti ni silaha na risasi zilizo katika Sura ya 93 ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Ndani ya sura hiyo kuna kifungu cha 9305, ambacho kinahusu vipuri na vifaa vya bunduki.

Hii ina maana kwamba kipuri cha bunduki hakiwezi kuingia Kenya, Uganda wala Tanzania kama bidhaa ya kawaida, hata kama mwagizaji yuko tayari kulipa ushuru wote. Ushuru haununui ruhusa. Sharti kibali kitangulie.

Kuna jambo moja hapa linalowachanganya wengi. Mfumo huo wa kuainisha bidhaa hauweki kila kitu kinachoingia kwenye bunduki katika Sura ya 93. Skrubu na springi za kawaida za chuma huhesabiwa pamoja na bidhaa za chuma. Darubini ya kulengea, ikiwa imekuja peke yake bila bunduki, huwekwa katika Sura ya 90 pamoja na miwani, kamera na vyombo vingine vya kuonea.

Je, hilo lina maana kwamba darubini ya bunduki ni huru kama miwani? La hasha. Uainishaji wa forodha unaamua kiwango cha ushuru na orodha ya masharti, lakini haufuti sheria nyingine za nchi. Afisa anayeona darubini iliyotengenezewa bunduki ana kila sababu ya kuisimamisha na kuwauliza polisi.

Adhabu nayo si haba. Chini ya sheria hiyo ya forodha, anayeingiza bidhaa zilizopigwa marufuku, au zile zenye masharti bila kuyatimiza, anaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au adhabu zote mbili. Bidhaa yenyewe hutwaliwa na serikali.

Hiyo ni forodha peke yake. Mashtaka ya Sheria ya Bunduki huja juu yake, na adhabu zake ni nzito zaidi.

KUMILIKI SI KUSHIKA TU

Swali la pili ambalo wasomaji wengi hujiuliza ni hili: mtu huhesabiwa lini kuwa mmiliki? Je, ikiwa kifurushi bado kiko posta, nami sijakigusa, nimevunja sheria?

Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 63, imelijibu swali hili katika kifungu chake cha 4. Kuwa na kitu si kukishika mkononi tu. Mtu huhesabiwa kuwa nacho hata kikiwa mikononi mwa mtu mwingine, mradi anajua, au kikiwa mahali popote kwa matumizi au manufaa yake.

Vilevile, ikiwa watu wawili au zaidi wana habari na wamekubaliana, na mmoja wao ndiye aliye na kitu hicho, wote huhesabiwa kuwa nacho.

Nguzo ya kifungu hiki ni kujua. Mtu aliyetumiwa kifurushi asichokiagiza wala kukijua ana utetezi. Lakini aliyeandika jina lake, akalipa kwa simu yake na kumwuliza muuzaji mara tatu mzigo umefika wapi, hatakuwa na la kumwambia hakimu.

Mwenye cheti cha bunduki naye ana maswali yake. Nchini Kenya, cheti hutolewa kwa mtu fulani na kwa bunduki fulani, pamoja na masharti yake. Kwa kuwa mtutu wa ziada unahesabiwa kisheria kuwa bunduki, cheti cha bunduki moja hakiwezi kuchukuliwa kuwa kibali cha kuweka mitutu miwili kabatini.

Mfano ni mwanamichezo anayetaka mtutu wa pili ili awe akibadilisha kulingana na mashindano. Kabla ya kuagiza, ni lazima apate idhini ya mtutu huo wa pili. Akiuagiza kwanza na kuomba idhini baadaye, atakuwa ametanguliza mkokoteni mbele ya punda.

Tatizo jingine ni la urithi. Mzee aliyekuwa na bunduki halali anapofariki, familia hukumbuka kuipeleka bunduki yenyewe kwa polisi, lakini huacha boksi la vipuri stoo. Miaka kumi baadaye, komeo kuukuu lenye kutu linapatikana wakati wa msako, na mjukuu asiyejua hata kushika bunduki anajikuta kizimbani.

Kutu si utetezi. Korti hutegemea ripoti ya mtaalamu wa silaha, ambaye huchunguza kama kitu kilichopatikana ni bunduki au sehemu yake kwa mujibu wa sheria. Kama komeo bado ni komeo, umri wake haulibadilishi jina.

Kuna pia silaha ambazo raia hawezi kuzimiliki hata akiwa na sababu gani. Bunduki inayoendelea kufyatua risasi mfululizo maadamu kidole kimeshikilia kifyatulio ni silaha iliyopigwa marufuku kwa raia. Kifungu cha 4A cha Sheria ya Bunduki kimeenda mbali na kutaja kwa majina bunduki aina ya AK-47, G3 na MP5. Vipuri vya silaha za aina hiyo havina mlango halali wa kupitia kwa mtu binafsi.

MAREKANI: KITU KIMOJA TU NDICHO BUNDUKI

Ili kufahamu kwa nini jamaa aliye Marekani anaweza kukosea bila nia mbaya, ni muhimu kutazama sheria za huko.

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka wa 1938 iliwahi kuvijumuisha vipuri katika maana ya bunduki, karibu kama yetu. Lakini Bunge la huko liliona kwamba haiwezekani kumlazimisha kila muuzaji wa pini na springi kuweka daftari. Sheria mpya ya mwaka wa 1968 ikabadilisha mambo: sehemu moja tu, yaani kiwiliwili, ndiyo ikahesabiwa kuwa bunduki.

Kutokana na hilo, chini ya sheria ya shirikisho, Mmarekani anaweza kununua mtutu, komeo, kitako au kifyatulio dukani au kwa posta bila kuchunguzwa rekodi yake ya uhalifu. Kiwiliwili ndicho kilicho na nambari na ndicho kinachohitaji karatasi. Kwa upande mwingine, kifaa cha kupunguza mlio kina sheria yake kali tangu mwaka wa 1934.

Hata hivyo, kuingiza vipuri Marekani kutoka nje ni jambo jingine. Mwaka wa 1989, baada ya mwuaji kuwapiga watoto risasi katika shule moja mjini Stockton, California, serikali ya Rais George H.W. Bush ilizuia uingizaji wa bunduki za mtindo wa kijeshi ambazo hazikuonekana kufaa kwa michezo.

Wafanyabiashara wakageukia vipuri. Bunduki za majeshi ya Ulaya Mashariki, zikiwemo za Romania, Poland na Hungary, zilikatwa viwiliwili vyake kwa moto, kisha vipande vilivyobaki vikauzwa Marekani kama seti za vipuri. Mnunuzi alitafuta kiwiliwili kilichotengenezwa Marekani na kuunda bunduki yake nyumbani.

Serikali ilijibu kwa hatua mbili. Kwanza, sheria ya mwaka wa 1990 ilizuia kuunda bunduki za aina hiyo kwa vipuri vya kigeni. Kanuni zake zina orodha ya vipuri 20, na bunduki moja hairuhusiwi kuwa na zaidi ya 10 vilivyotoka nje. Pili, mwaka wa 2005 idara ya ATF, inayosimamia bunduki huko, ilitangaza kwamba haitaruhusu tena mitutu ya bunduki hizo kuingizwa kwa ajili ya kuuzwa raia.

Mvutano wa karibuni ulihusu seti za vipuri ambavyo havijakamilika, vinavyouzwa pamoja ili mnunuzi atoboe mashimo machache na kupata bunduki isiyo na nambari. Polisi huko huziita bunduki za mzimu. Mwaka wa 2022, ATF ilitoa kanuni ya kuzihesabu seti hizo kuwa bunduki.

Wauzaji walikwenda kortini. Mnamo Machi 26, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya mbili, iliamua kwamba kanuni hiyo haikukiuka sheria ya 1968. Hukumu iliandikwa na Jaji Neil Gorsuch.

Kwa hivyo, hata katika taifa linalosifika kwa uhuru wa bunduki, swali ni lile lile: je, kipande hugeuka lini kuwa bunduki?

UINGEREZA NA ULAYA

Uingereza, ambako sheria yetu ilichota maneno yake, ilisumbuka na swali hilo kwa miaka mingi. Sheria yake ya mwaka wa 1968 ilidhibiti 'sehemu' za bunduki bila kueleza ni sehemu zipi. Mawakili walibishana kortini kuhusu kifyatulio, magazini na hata pini.

Mwaka wa 2017, Bunge la huko lilipitisha marekebisho yaliyotoa orodha: mtutu, chemba au silinda, kiwiliwili, na komeo au mtambo mwingine unaozuia nguvu ya mlipuko upande wa nyuma wa chemba. Kwa hatua hiyo, ubishi mwingi ukaisha.

Umoja wa Ulaya nao ulikaza sheria mwaka huo huo wa 2017, na sehemu hizo za lazima zikawekwa chini ya masharti yale yale ya bunduki yenyewe. Hii ilikuwa baada ya mashambulizi ya kigaidi ya mwaka wa 2015 jijini Paris, ambapo ilibainika kwamba silaha zilizouzwa zikidaiwa kulemazwa zilikuwa zimefufuliwa.

Kenya haijatoa orodha kama ile ya Uingereza. Maneno 'sehemu nyingine yoyote ya lazima' yanaiachia korti nafasi ya kuamua kila kesi kivyake. Hilo linawasaidia waendesha mashtaka, lakini linamwacha raia mwaminifu gizani. Je, kitako cha mbao ni sehemu ya lazima? Magazini je? Kifyatulio? Bunduki inaweza kufyatua bila kitako, lakini bila kifyatulio haiwezi.

Mpaka Bunge litakapofafanua, busara yamtaka raia achukulie kila kipuri cha bunduki kuwa kinahitaji idhini.

MIKATABA YA KIMATAIFA

Msimamo wa Kenya haukuzuka hivi hivi. Mnamo Aprili 21, 2004, mataifa ya Maziwa Makuu na upembe wa Afrika yalitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Shirika la RECSA, linalosimamia utekelezaji wake, lina makao yake makuu jijini Nairobi.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2001, Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki dhidi ya utengenezaji na ulanguzi haramu wa bunduki, iliyoanza kutumika mwaka wa 2005. Itifaki hiyo inavitaja vipuri waziwazi: mtutu, kiwiliwili, komeo, silinda na kifaa cha kupunguza mlio.

Kenya pia ilikuwa miongoni mwa mataifa saba yaliyowasilisha hoja ya kuanzisha Mkataba wa Biashara ya Silaha katika Umoja wa Mataifa mwaka wa 2006. Mkataba huo ulipitishwa mwaka wa 2013, na kifungu chake cha nne kinahusu vipuri.

Sababu ya mataifa kusisitiza vipuri ni moja. Nchi inayokataa kuuza bunduki nzima lakini inauza sehemu zake zote haijakataa kitu.

UTARATIBU UNAOFAA

Mtu mwenye bunduki halali iliyoharibika afanye nini basi?

Hatua ya kwanza ni kumwona muuzaji wa bunduki aliyesajiliwa. Huyu ana leseni ya biashara hiyo, ana daftari linalokaguliwa na ana fundi. Mara nyingi kipuri kinachotafutwa ng'ambo kiko kwake, au anaweza kukiagiza kwa njia halali pamoja na mizigo yake mingine.

Hatua ya pili, iwapo ni lazima kuagiza, ni kuomba kibali kutoka kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Bodi hiyo iliundwa kupitia marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka wa 2014, ikichukua kazi iliyokuwa ya afisa mmoja wa polisi. Kibali kipatikane kabla ya pesa kulipwa na kabla ya mzigo kusafirishwa.

Hatua ya tatu ni kuhakikisha kwamba muuzaji wa ng'ambo naye ana leseni ya nchi yake ya kuuza nje. Kinachouzwa huru ndani ya Marekani au Ulaya si lazima kiwe huru kuvuka mpaka. Mara nyingi serikali ya huko hutaka kuona kibali cha nchi kinakokwenda kipuri.

Hatua ya nne ni kutaja kipuri kwa jina lake halisi katika karatasi za forodha. Anayeandika 'vifaa vya chuma' au 'vipuri vya pikipiki' ili kurahisisha mambo huwa amejitengenezea ushahidi wa nia mbaya kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna pia suala la usalama. Mtutu na komeo havibadilishwi kiholela hata kama vinaonekana kufanana. Nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi hupimwa kwa vipimo vidogo mno. Nafasi ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka na gesi ya moto ikarudi usoni mwa mpigaji. Kazi hiyo ni ya fundi aliyeidhinishwa.

Kwa familia zilizo na vipuri vya kale nyumbani, njia iliyo salama ni kuvisalimisha. Wanaweza kumtumia wakili au mzee anayeaminika kuwajulisha polisi kwanza, ili vipuri hivyo vichukuliwe kwa utaratibu na kuandikwa, badala ya kuvibeba mkobani hadi kituoni na kusimamishwa njiani.

Nao walio ng'ambo wanapoombwa kutuma 'kachuma kadogo tu' ka bunduki, jibu liwe moja: kibali kiko wapi? Kama hakipo, basi mzigo hautumwi, hata anayeomba awe baba mzazi.

Wapo watakaosema kwamba sheria hii inamwonea mkulima mwaminifu ilhali majangili wanapata silaha zao kupitia mipaka isiyo na walinzi. Lalamiko hilo lina uzito, na ni jukumu la serikali kuufanya utaratibu wa vibali uwe mwepesi na wazi kwa wanaoufuata. Lakini mwanya unaoachiwa mwaminifu ndio huo huo utakaopitiwa na jangili.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika suala la bunduki, ufa huwa mdogo kama pini, na ukuta unaojengwa baadaye mara nyingi ni ule wa gereza.